Uzi wa Kijani

Rawya: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

Mize: Asalaam alaykum, dada.

Rawya: Waalaykum salaam. Nani? Nambari hii siijui. Sema kwa nguvu, mie niko tanuni hapa, tunachoma chokaa, watu wanapasua mawe.

Mize: Mie.

Rawya: Mie nani? Kila mtu ni mie.

Mize: Mize. Wa Mtambile. Mtoto wa mjomba wako Ame.

Rawya: Ewe! Mize! Leo ulimi umekuota? (anacheka) Mwaka mzima unaniletea mafuta kwa mikono ya watu, simu huthubutu kupiga. Hamjambo huko?

Mize: Hatujambo. Dada, nilikuwa—

Rawya: Mama yako hajambo? Mguu wake?

Mize: Hajambo. Umepoa. Dada—

Rawya: Na mjomba? Karudi salama? Maana jana kaja huku kuleta vitu vya harusi, kapita hapa hapa barabarani, kaniona, kageuza uso kama kaona mzoga. Mie na moshi wangu, nimesimama na pauro mkononi, nimemwamkia. "Shikamoo mjomba." Hata kukohoa hakukohoa.

Mize: Dada, mie—

Rawya: Haya, tuyaache. Mafuta yako, wallahi, Mungu akuzidishie. Mikono yangu ungekuja ukaiona! Ile mipasuko yote imefunga. Mwaka jana nikikunja ngumi damu inatoka. Na hapa tunachomea mipira ya gari siku hizi, kuni hakuna, moshi mweusi kama—

Mize: Dada Rawya, hapo ulipo na kwa shangazi ni mbali?

Rawya: Kwa mama? Kwani vipi?

Mize: Nauliza tu.

Rawya: Hakuna mtu anayepiga simu kutoka Mtambile kuuliza tu. Robo saa kwa mguu. Lakini miguu yangu ishasahau njia ile, weye wajua.

Mize: Kulu leo siku ya ngapi ndani?

Rawya: Ya nne. Nasikia hivyo. Ummkulthum ni mdogo wangu wa tumbo moja, na habari za kuwekwa kwake ndani kungoja harusi yake naambiwa na wanunuzi wa chokaa.

Mize: Na kungwi wake, Bi Mwanawema, anampaka wakati gani?

Rawya: Singo ya kumsugua mwili, asubuhi. Mafuta yako, nasikia ndo leo anaanza, baada ya adhana ya Alasiri. Watu wote wanayataja hayo mafuta. "Miaka mitatu Kulu yumo kwenye moshi wa tanu, lakini mafuta ya Mize yatamtoa kama yai." Unasifiwa, yakhe.

Mize: Asimpake.

Rawya: Nini?

Mize: Asimpake, dada. Mwambie asimpake.

Rawya: (mtandao unakwaruza) ...sikii, sogea. Asimpake nani?

Mize: Kulu! Bi Mwanawema asimpake Kulu yale mafuta!

Rawya: Mize, usinitishe. Kwa nini?

Mize: Uzi.

Rawya: Uzi gani?

Mize: Nilituma chupa mbili. Zile chupa za dawa ya kikohozi, za kahawia, hazionyeshi ndani. Mie maandishi yangu hayasomeki, wajua nilitoka darasa la nne. Ndo maana nafunga uzi shingoni. Mwekundu umeiva, kijani kibichi. Kama papai. Lililoiva unakula, bichi unaliacha.

Rawya: Hiyo najua. Hata zangu zina uzi mwekundu.

Mize: Ya mwekundu ni ya kupaka. Nazi, manjano, mrehani, na mafuta ya makonyo kijiko kimoja tu cha chai kwa chupa nzima. Ya kijani ni makonyo matupu. Vile vijiti vya karafuu, tulivitonesha kwa mvuke, hamna kilichochanganywa humo. Bi Mwanawema aliyaagiza atie matone mawili kwenye singo na moja kwenye nguo. Basi. Ukimpaka mtu mwili mzima yale—

Rawya: Yatamfanya nini?

Mize: Yatamuunguza.

Rawya: Kuwasha?

Mize: Kuunguza, dada. Mie lilinidondokea tone moja la haya pajani, alama ninayo mpaka leo.

Rawya: Haya, lakini si yana uzi wa kijani? Bi Mwanawema si mtoto. Kaambiwa.

Mize: Kaambiwa. Lakini uzi wa kijani haupo.

Rawya: Umekwenda wapi?

Mize: Umekatika.

Rawya: Umekatika wapi, na weye umejuaje uko Mtambile?

Mize: (kimya)

Rawya: Mize!

Mize: Nilikuwa nafua. Kanzu ya baba, ile ya jana. Nikaupapasa mfuko kabla ya kuitia majini. Uzi nimeukuta mfukoni. Umekatwa kwa wembe. Na ule uzi mwekundu niliouacha kwenye kikapu changu umepungua.

Rawya: Kwa hiyo chupa zote mbili sasa zina mwekundu.

Mize: Nadhani.

Rawya: Mjomba hakuweza kupita huku Kiuyu na kipande cha uzi wa kijani mkononi. Urefu wa kidole! Kijani rangi ya chama cha wenzao, watu watasema Ame kahama chama.

Mize: Sikusema ni baba.

Rawya: Hukusema. Nani alisema umesema? (kwa mbali) Weye Mmanga! Adhana bado? Bado? (kwenye simu) Mpigie mama.

Mize: Nimempigia mara sita. Haipatikani.

Rawya: Wako kwenye ngoma, kaizima. Basi mpigie mwengine.

Mize: Nambari yako ndiyo pekee niliyonayo ya Kiuyu. Niliiiba kwenye daftari la mama. Dada, nenda. Tafadhali. Ingia ndani umwambie.

Rawya: Ntamtuma mtu.

Mize: Nani?

Rawya: Ntatafuta mwanamke... Hamna. Wanawake wote wako huko, hapa tanuni nimebaki mie na wanaume. Mwanamume hatoingia kwa mwari.

Mize: Basi nenda weye.

Rawya: Mie siwezi kuingia nyumba ile.

Mize: Najua mmegombana, lakini—

Rawya: Hujui. Hujui kitu. (pumzi) Nnakwenda. Ntasimama nje niite. Usikate.

Mize: Sikati. Vocha yangu imebaki kidogo, lakini sikati.

Rawya: (pumzi, ndara zinapiga chini) Huanza wapi kumpaka?

Mize: Nani?

Rawya: Mwanawema! Si kakuelezeni?

Mize: Nyayoni. Anapanda juu, miguu, mgongo, mikono. Uso mwisho.

Rawya: Kulu atapiga kelele. Yakimuwasha atasema, watajua tu.

Mize: Dada. Mwari hasemi.

Rawya: (ndara zinapiga kwa kasi zaidi)

Mize: Kafundwa astahamili. Bi Mwanawema mwenyewe kasema mbele yangu, dawa isiyowasha haifanyi kazi. Kulu ataziba mdomo kwa kanga. Ataungua kimya kimya mpaka—

Rawya: Nyamaza! Nnakimbia, usinitie hofu, nitaanguka. Sema kitu chengine.

Mize: Kama kipi?

Rawya: Chochote! Mbona weye kila siku huna la kusema? Sema yale ya biringani.

Mize: Yale ya semina?

Rawya: Hayo.

Mize: Yule bibi aliyekuja kufundisha kikundi chetu, alikata biringani mbili. Moja akaipaka ndimu, moja akaiacha. Kabla hajamaliza kusema, ile iliyoachwa imesawijika, nyeusi. Akasema ngozi ni hivyo hivyo. Hewa yenye moshi inaila kama hewa inavyoila biringani, kama kutu inavyokula jembe. Na kwenye majani na viungo mna vitu vinavyotangulia mbele, vinaliwa vyenyewe ngozi isiliwe. Karafuu ina vingi sana. Manjano nayo. Akasema vinaitwa antioksidanti. Nikarudi nyumbani nnalitaja njia nzima nisilisahau.

Rawya: (anahema) Na mie nikakwambia... ngozi yangu imekuwa biringani...

Mize: Ndiyo, dada. Na bibi yule akasema tena, kiasi. Kiasi ndo dawa. Nikamwambia nimefahamu. Nimefahamu nini mie, na leo—

(Adhana inasikika kwa mbali.)

Mize: Dada! Ndo hiyo?

Rawya: Ndo hiyo. Nimefika kwenye minazi ya Shehe, bado—

Mize: Kimbia!

Rawya: Kwani nnafanya n—

(Simu inakatika. Baada ya muda inaita.)

Mize: Haloo? Haloo, dada? Vocha imeniishia, samahani, mie—

Rawya: Nimepiga kwa yangu. Nayo haina kitu, sema ya maana tu. Nimo uwanjani kwa mama.

Mize: Umewaita?

Rawya: Nimeita mpaka sauti imekauka. Wanaimba, wanapiga makofi, hawanisikii. Nimegonga dirisha. Mama kalifungua.

Mize: Alhamdulillahi. Umemwambia?

Rawya: Kaniona.

Mize: Ndiyo, umemwambia?

Rawya: Kaniona, Mize. Kalifunga.

Mize: Hakukuuliza hata unataka nini?

Rawya: Mwaka wa tatu huu. Tangu uchaguzi, tangu nilipokataa kumwacha mume wangu Bakar na chama chake cha kijani. Atauliza nini?

Mize: Gonga mlango basi.

Rawya: Mlango uko wazi. Pana pazia tu.

Mize: Uko wazi? Dada, ingia! Unangoja nini?

Rawya: (kimya)

Mize: Dada?

Rawya: Mwanzo wa ugomvi, mama alimtukana Bakar mbele za watu. Bakar akaapa. Akasema, "Rawya, siku ukikivuka kizingiti cha mama yako, huna mume. Umejiacha mwenyewe." Kaapa mbele ya mashahidi wawili. Hakulifuta neno lile. Kila Idi namuomba alifute, hanijibu.

Mize: Sikujua.

Rawya: Huku wanajua wote. Ndiyo maana nikiitwa harusini siitiki, nisipoitwa silalamiki. (makofi na nyimbo zinasikika) Bakar yumo msikiti wa hapa nyuma, kenda kusali. Ntamsubiri atoke, nimuombe ruhusa—

Mize: Swala haijaanza hata.

Rawya: Najua.

Mize: Dada, anaanza nyayoni, lakini Bi Mwanawema mkono wake mwepesi.

Rawya: Najua, Mize!

Mize: Huenda kachukua ile nzuri. Chupa mbili, huenda—

Rawya: Huenda.

Mize: Huenda. Mie siwezi kukwambia uingie, dada. Sina haki hiyo. Makosa yangu, ningefunga kitu chengine, kitambaa, ningechora... Lakini Kulu halii. Mwari halii, dada. Unamsikia akilia?

Rawya: Simsikii.

Mize: Na mie simsikii.

(Nyimbo zinakaribia ghafla. Kisha zinakatika. Sauti ya wanawake: "He!")

Mize: Dada? Uko wapi? Haloo? Dada Rawya, uko wapi?

Rawya: Nimo ndani.

Mize: Mwambie aache, dada!

Rawya: (kwa mbali) Bi Mwanawema, acha! Acha mkono huo! Tua hiyo chupa chini!

Bi Mwanawema: (kwa mbali) Nani huyu anayeingia kwa mwari na chokaa mwili mzima? Toka! Nuksi hiyo!

Rawya: Umempaka wapi? Umefika wapi?

Bi Mwanawema: Nimefika mabegani, kunakuhusu nini weye? Mwanapili! Njoo umchukue mwanao!

Mize: Dada, muulize mafuta gani! Ya manjano au meupe?

Rawya: Mafuta gani hayo umempaka? Ya manjano au meupe?

Bi Mwanawema: Meupe. Yale ya manjano yanachafua shuka, nimeyatupa pembeni. Haya ndo safi, yananukia karafuu hasa. Na yanamuingia, tazama alivyotoka jasho, mtoto hodari, hata sauti—

Mize: Ya Rabbi. Dada, weka simu kwa sauti kubwa. Niweke nimwambie.

Rawya: Bi Mwanawema, huyu hapa mwenye mafuta. Msikilize.

Mize: Bibi, shikamoo.

Bi Mwanawema: Marahaba. Mize? Mbona unanong'ona?

Mize: Bibi, usimpake usoni. Hayo ni makonyo matupu.

Bi Mwanawema: Makonyo ndo dawa. Si weye uliyesema yanakinga ngozi na moshi wa tanu? Si weye uliyetuletea maneno ya biringani na ndimu?

Mize: Ndiyo, bibi, lakini kwa kiasi—

Bi Mwanawema: Mie nimewaweka ndani wari arubaini, viganja vishaota sugu. Dawa inawasha, mwari anastahamili, siku ya saba anatoka kama mwezi. Leo mtoto wa darasa la nne anifundishe singo?

Mize: (kimya)

Rawya: Mize! Sema!

Mize: Bibi, chukua tone moja la hayo. Moja tu. Jipake mdomoni.

Bi Mwanawema: Nini?

Mize: Jipake mdomo wa juu, uhesabu mpaka kumi. Ukifika kumi, mpake Kulu uso mzima, mie sitosema tena.

Bi Mwanawema: Hee! Haya. Nijipake. Bismillahi. Moja. Mbili. Tatu. N... (kimya) Astaghfirullah! Astaghfirullah! Lete maji! Nipeni kitambaa!

Mize: Msimtie Kulu maji! Dada, unanisikia? Maji yanayatembeza. Mafuta ya nazi kwanza, mengi, mimina, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Tena mimina, tena futa. Mara tatu. Baadaye ndo sabuni na maji baridi.

Rawya: Nazi! Nipeni mafuta ya nazi! Si hayo, chupa nzima! Kulu, geuka. Kulu, toa hiyo kanga mdomoni, unaniona? Ni mie.

Kulu: (kwa mbali) Dada. Umeingia?

Rawya: Geuka mgongo.

Kulu: Dada, umeingia ndani?

Rawya: Nimekwambia geuka, mwanangu, nikufute.

(Kimya. Mtu analia, anazibwa.)

Mize: Lia, Kulu. Wacheni alie.

Bi Mwanawema: (kwa mbali) Mwacheni alie. Mwacheni mtoto alie.

(Mtandao unakwaruza.)

Mize: Haloo? Imekatika? Haloo? Kukoje huko?

Bi Mwanapili: Mize.

Mize: Shangazi? Shikamoo, shangazi.

Bi Mwanapili: Rawya anamfuta. Mgongo umekuwa mwekundu, mabegani kuna malengelenge. Miguu imevimba kama kaungua na chai. Uso salama. Mzima, alhamdulillahi. Umemuwahi.

Mize: Si mie, shangazi. Dada ndiye.

Bi Mwanapili: Nakuuliza kitu kimoja. Chupa hii nimeishika, ina uzi mwekundu. Weye unafunga mwekundu kwa ya kupaka. Nani kaufunga huu?

Mize: Mie, shangazi.

Bi Mwanapili: Weye?

Mize: Nilipitiwa.

Bi Mwanapili: Fundo hili la kamba ya kufungia mbuzi umelifunga weye? Mize, fundo la kaka yangu nalijua tangu tuko wadogo.

Mize: Nilipitiwa, shangazi.

Bi Mwanapili: Baba yako yupo?

Mize: Yuko barazani.

Bi Mwanapili: Mwambie...

Mize: Nimwambie nini?

Bi Mwanapili: Basi. Mwambie dada yake kamsalimia. Mwambie hivyo tu, umtazame machoni. Nampa simu mwenyewe.

Rawya: Mize, nipo. Amelala kifudifudi, tumemmiminia nazi mara ya tatu. Anasema inapoa.

Mize: Sasa sabuni. Pole pole, msisugue. Na malengelenge msiyapasue, mpeleke kituo cha afya leo leo wayaone.

Rawya: Watampeleka. (anashusha sauti) Umemuongopea mama.

Mize: Ndiyo. Atanichukia mie, haidhuru, mie mtoto. Na dada, weye pia sema uongo. Sema hukuingia. Sema ulisimama mlangoni ukapitisha simu.

Rawya: Wanawake thelathini wameniona.

Mize: Watakaa kimya. Waombe.

Rawya: Mize. Ndara zangu nimezivua mlangoni. Sikujua hata nimezivua. Mguu wenyewe ukajivua, ndo nyumbani tena. Zina chokaa mpaka kwenye kanda, Kiuyu nzima inazijua. Na msikitini ndo wanatoka sasa.

Mize: Zitoe! Zitie ndani, zifiche chini ya kitanda, upesi!

Rawya: Hazipo nilipoziacha.

Mize: Kazichukua nani?

Rawya: Mama. Nnamuona kwa mlango. Kachota maji mtungini, kazisugua. Kazisugua hadi chokaa yote imetoka. Kaziweka juani, kizingitini, pembeni ya zake.

Mize: Mwambie azitoe, dada. Mwambie!

Rawya: Simwambii.

Mize: Bakar atapita hapo.

Rawya: Ndo huyo. Kasimama njiani.

Mize: Kaziona?

Rawya: Kaziona. Anaziangalia, kisha anauangalia mlango.

Mize: Jifiche, dada, kwa ajili ya Mungu. Rudi ndani, jifiche.

Rawya: Nimejificha miaka mitatu. Natoka kumwamkia. Weye wiki ijayo mletee Kulu ile ya manjano, mgongo utaihitaji ukishapona. Na ile kali ufunge uzi wa kijani, usikie, kijani! Mafundo mawili. Hata akiibeba mjomba. Hata akikata, funga ten—

Mize: Haloo? Dada? Haloo? Dada Rawya?